Godoro Lako la Chumba cha Juu

Mdogo wangu Rukia,

Kabla ya salamu, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Umeuliza kwa nini chumba chako cha likizo kimepangishwa kwa mgeni. Ni kwa sababu yangu. Bibi hajambo, alhamdulillahi, nami tangu nimalize shule namsaidia kusuka ukili wa mikeka.

Wathamini wa kaunti walipopita mtaani kupanga upya kodi za nyumba, walikaa sana kwa kina Salma, wakipiga picha zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Salma akanicheka kutoka mlangoni kwao: "Kwenu wataangalia nini, nyufa?" Unajua ninavyomwonea wivu tangu utotoni.

Bibi, kama desturi, aliwaketisha dakani, kwenye baraza za mlangoni, akapanda juu kuswali. Wangeandika nyufa zile wakaenda zao. Mimi, ninayeona haya hata kusalimia, nikasema, "Ingieni. Zidaka zetu ni nyingi kuliko zao." Nikawafungulia mpaka chumbani kwa Bibi.

Ilani ilipokuja, nyumba yetu ilikuwa imethaminiwa zaidi kuliko ya kina Salma. Wallahi, Rukia, kwanza nilifurahi. Kisha nikamwona Bibi anakunja godoro lako, apangishe chumba apate kulipa kodi mpya.

"Nani aliyewaonyesha ndani?" akauliza. Nikashika upande wa pili wa godoro, nikamsaidia kulikunja.

Salma jana kapita na buibui jipya, na roho ikaniuma vilevile. Nitamwambia Bibi mwenyewe, nikipata moyo. Mpaka siku hiyo, tafadhali, usimwambie, hata akikuuliza kwa simu.

Dada yako,
Maryam