Uvimbe Usio na Madhara

Jumapili, 5 Novemba
Mkono wa kushoto umenigomea tena, katikati ya ibada. Kinanda kikabaki kinalia upande mmoja. Mchungaji akanikata jicho. Oiva, mume wangu, anasema ni uzee tu: "Hata trekta langu haliwaki siku za baridi, bibie." Nimecheka. Kidogo. Aliyekwisha katwa titi kwa saratani hapuuzi kitu.

Alhamisi, 9 Novemba
Kuna uvimbe kichwani. Nimeuona kwenye picha, mweupe, kama yai. Basi! Saratani imepanda. Oiva kaendesha gari. Akaipita njia ya kwetu, ikabidi ageuze kwenye theluji.

Jumanne, 14 Novemba
Daktari wa ubongo — binti mdogo kabisa — kasema nisijizike mapema. Huenda umeota kwenye utando unaofunika ubongo, na wa namna hiyo kwa kawaida si saratani. Eti waliougua saratani ya titi huupata zaidi kuliko wanawake wengine. Kwa nini? Pengine homoni. Hakuna mwenye hakika. Ila picha haitoshi, lazima wautoe, waupime.
"Kwa hiyo tuombe awe na uvimbe?" Oiva kamuuliza.
"Tuombe uwe huo, mzee wangu."
Nimeomba. Mtu mzima, naomba uvimbe!

Alhamisi, 23 Novemba
Nimeamka. Nasema. Vidole vinatii. Kichwa — balaa. Kipande walichopima nikiwa bado kwenye meza ya upasuaji: si saratani! Ni ule wa utando. Oiva kaangua kilio mbele ya manesi, hana haya.

Jumatatu, 4 Desemba
Nyumbani. Dada yangu Helvi kaja na mkate wa iliki. Oiva kawasha sauna, bafu letu la mvuke; mimi nimekatazwa. Simu ikalia, nikaipokelea chumbani. Yule daktari. Uvimbe kweli ni ule usio na madhara. Lakini maabara walipoukata wote, ndani yake wamekuta seli za saratani ya titi. Zilisafiri zikajibanza humo. Ni nadra sana, kasema. Kana kwamba hiyo inasaidia! Kesho nirudi, nisije peke yangu.
Sijatoka chumbani. Huko nje wanacheka. Sasa Oiva anagonga.
"Bibie! Helvi anauliza, nyumba ya ziwani twende Julai au Agosti?"
Nimejibu Juni. Anauliza kwa nini Juni, mbona maji bado baridi. Anashika kitasa —