Nataka Uje, kwa Kiingereza

Musinzira, Gitega
Ramadhani ya 1998

Salima, mtoto wa mwanangu,

Mi niko mzima, meno tu ndiyo yananikimbia. Acha kuniuliza kama ninakula. Ninakula.

Moïse, yule fundi cherehani wa Uvira, anatufundisha Kiingereza huku tunadarizi kofia kwake. Hafungi, lakini chai yake anaificha, ana adabu. Anasema tuweke kwanza anayetaka, kisha anayetakiwa, kisha kazi yenyewe. Mwenzetu Kadidja akamweka mume wake: mi nataka yeye aoge! Tulicheka mpaka sindano zikaanguka.

Mi nikakuweka wewe. Ai wanti yu tu kamu. Nataka uje. Kila siku nasema hiyohiyo. Moïse akachoka: "Mama, badilisha mtu basi!"

"Badilisha wewe. Mtu wangu ni huyo."

Sasa unaniandikia eti utapanda gari Muyinga, uje tusali Idi pamoja. We msichana, una akili kweli? Baba yako alipanda gari kwenye barabara hiyohiyo, tukarudishiwa viatu vyake tu. Baki huko Butihinda kwa shangazi yako, usome, unenepe, na usinibishie.

Hii nimeiandika kwa Kiswahili ili usikie vizuri: usije. Ile nyingine nitaendelea kuisema hapa kwa Moïse, kwa Kiingereza, mpaka barabara itulie. Siku hiyo nitakuandikia, na ole wako uchelewe.

Bibi yako,
Zaituni