Viatu vya Mlangoni

Jumatatu, 7.6.1999
Nimeviingiza ndani viatu vya marehemu mume wangu. Kila jioni naviweka mlangoni, mwizi adhani mume yumo. Chai nimekunywa peke yangu. Kisha Ukunda, karakana ya Fundi Kamau, nyuma ya Kona ya Musa. Twatengeneza nyumba za mfano za kadibodi, mwenye kujenga aione nyumba yake kabla hajajenga. Nilianza kwa kufagia. Sasa najifunza kukata. Nimeharibu kuta mbili, nakandamiza kisu. Fundi asema, "Mama Mejumaa, unakata kadibodi au muhogo? Pitisha kidogo kidogo." Nimecheka. Nyumbani sina wa kunichekesha.

Jumatano, 9.6
Leo kisu kimenitii. Nimepitisha taratibu, ukuta umeachana wenyewe, umenyooka. Twatengeneza ukumbi wa kina mama wa Msambweni. Mlango wake haufiki kidole changu cha mwisho.
Mwanangu Mejumaa hajaleta habari tangu Idi. Ameolewa kisiwani Funzi. Bahari ile naiogopa.

Ijumaa, 11.6
Fundi ataka watu. Watu wadogo wa waya na karatasi, wasimame barazani, ukubwa wa ukumbi uonekane. Kazi hiyo kanipa mie. Ikitoka vizuri Ijumaa ijayo, atanifunza ufundi wote. Isipotoka, atatafuta mwengine. Mie chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilifunzwa sanamu ya mtu haifai. Sikumwambia. Yeye Mkristo, mtu wa bara, na ni mwema. Nimeona haya.

Jumamosi, 12.6
Nimejaribu mmoja. Nimemtia kichwa tu. Nikamkunjua, akarudi kuwa waya.
Nikiachishwa nitakaa na kuku. Karakana naitwa kutwa, Mama Mejumaa, Mama Mejumaa. Hapa hata redio imekwisha mawe ya betri.

Jumatatu, 14.6
Nimemwambia Fundi yale ya chuoni. Hakukasirika. Kakuna ndevu. "Basi mama, nipe njia nyengine. Jengo bila watu ni sanduku." Nimepiga msasa tu hadi jioni.
Nimerudi, nikatoa viatu vya marehemu. Nikasimama navyo mkononi. Mwizi hamwoni mume wangu. Aona viatu.

Jumatano, 16.6
Nimekata ndara za kadibodi. Kila moja kama punje ya mchele, kamba zake uzi. Nimezibandika mlangoni mwa ukumbi, zimepandana kama kwenye arusi. Fundi kainama hata pua ikagusa gundi. Akauliza, mbona vidole vya ndara vyatazama mlango? Nikamwambia wameingia, hawajatoka.
"Na huyu mwenye kiatu kimoja?"
"Mtoto. Cha pili kaingia nacho."

Ijumaa, 18.6
Kina mama wamekuja. Nilijificha nyuma ya mbao. Nikawasikia wakigombania ndara. Hizi zangu. Hizo za pembeni zako wewe, uliyechelewa. Hakuna aliyeuliza watu wako wapi. Fundi kasema Jumatatu nianze kujifunza mapaa. Nimelia njiani. Sina wa kumwambia.

Jumapili, 20.6
Manyunyu. Nimefua. Funzi bado kimya.
Magharibi nimetoa viatu vya marehemu. Siku zote naviweka vikitazama njia. Leo nimevigeuza, vidole vyatazama mlango. Nikaingia, nikafunga.