Usije kwa Ndege

3 Juni

Wapenzi Baba na Mama,

Shikamooni. Goti la Baba linaendeleaje? Mimi mzima, ni uchovu tu. Kwa kuwa mnara wa simu wa huko bado mbovu, nimerudia kalamu.

Mkakati wa taifa wa kuzuia mlipuko wa mafua umekamilika, na kazi ya kuuweka katika lugha ya watu nimepewa mimi hapa wizarani. Nawatumia tangazo. Baba, libandike hapo unaposhonea, maana wateja wako hawakosi muda wa kusoma wakisubiri nguo ulizoahidi juzi. Limeandikwa JIHADHARI NA MAFUA YA NDEGE kwa herufi kubwa, hata bila miwani utaliona.

Nitakuja likizo mwisho wa mwezi, kwa ndege.

Binti yenu

10 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima, na goti linaogopa ngazi tu. Nguo za watu zitakwisha, usinichongee.

Tangazo limebandikwa, limesomwa, limeeleweka. Mwenyekiti wa mtaa ameweka ndoo na sabuni kituo cha basi, na anayetoka uwanja wa ndege ananawa mpaka viwiko kabla hajamsalimia mtu. Mwalimu mstaafu alirudi kwa ndege wiki jana, hadi leo chai anawekewa dirishani. Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, usije kwa ndege. Panda basi, siku mbili si nyingi. Sitaki mafua yaingie mtaani kupitia mlango wangu.

Mengine ni ya kawaida. Kuku wa mama yako wamepatwa na kideri, wanavimba vichwa na kudondoka. Saba wamekufa. Waliobaki anawawahi kwa kisu na kuwanyonyoa mwenyewe, maana mali ya jasho haitupwi. Leo anakohoa kidogo, anasema ni manyoya.

Baba yako

14 Juni

Baba,

Nisamehe, sijasalimu. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi.

Ndege ni kuku, Baba. Ni ndege wa kunyonyolewa, si ndege ya kupanda. Mafua yanatoka kwa kuku, bata, njiwa. Msiwaguse tena, wazima wala wafu. Mpelekeni Mama hospitali leo hii, aseme wazi kwamba amenyonyoa kuku wagonjwa.

Lilikuwa na picha ya kuku lile tangazo. Wauza kuku wakalalamika kwa wakubwa, ikaondolewa. Kikaoni tulibishana siku tatu juu ya rangi ya karatasi, na neno lenyewe hakuna aliyeliuliza. Nililichagua mimi. Nimesoma barua yako nimesimama, na sijui nani aliyenivutia kiti. Nimeogopa, Baba. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Binti yako

17 Juni

Binti yangu,

Dereva amenikuta hapa hospitali, akanipa barua yako.

Mama yako tulimleta mara ya kwanza tarehe 13, homa imempanda. Muuguzi alikuwa na fomu kutoka kwenu wizarani. Akamuuliza, "Mama, siku kumi hizi umekuwa karibu na ndege?" Mama yako akacheka mpaka akakohoa. "Mimi? Hata uwanja wa ndege siujui." Muuguzi akaandika Hapana, akampa vidonge, tukarudi nyumbani. Njiani nilimwambia, "Unaona? Ni manyoya tu." Nilimwambia hivyo mimi, kwa mdomo wangu.

Jana asubuhi pumzi zilimkatika akifagia banda. Sasa yuko chumba cha peke yake, ana mpira wa hewa puani, namwona kupitia kioo. Nimemsomea muuguzi barua yako. Akaitoa ile fomu, akaisoma upya polepole, kisha akakaa chini pale pale kwenye sakafu. Mimi pia neno hilo nalitumia tangu utotoni, na sikuliuliza linamaanisha lipi.

Sikulaumu, na wewe usijilaumu njiani. Daktari amekataa kuniahidi kitu. Mama yako anakuulizia kwa ishara, anaandika jina lako hewani kwa kidole.

Basi ni siku mbili. Panda ndege.

Baba yako