Aliyechomwa na Laptopu ni Nani?

Nkubu,
Jumapili, 9 Februari 2025

Mwanangu Makandi,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Hujambo, na majirani wako wa mtaa wa Dallas huko Embu hawajambo? Mimi ni mzima, ila goti, nalo tumezoeana. Mvua bado, lakini ng'ombe wanakula. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Jirani yetu Winrose anakuja Embu kesho kikazi, nimempa bahasha akuletee.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua niko kwenye bodi ya shule yetu ya sekondari, na tunataka kununua laptopu thelathini za darasa la kompyuta. Wenzangu walipouliza tuchukue zipi, niliinua mkono nikasema binti yangu hupima laptopu na kuandika habari zake kwenye mtandao, na nchi nzima inamsoma. Nilisema kwa maringo, siwezi kukuficha. Tukasoma makala yako, tukakubaliana kununua laptopu za Tambo, si za Kesta.

Leo baada ya misa, Kithaka, ambaye ana watoto wawili pale shuleni, akaniita kando na simu mkononi. Akanionyesha maoni ya wasomaji chini ya makala yako. "Huyu dada amenunuliwa na Tambo." "Kila mwaka ni Tambo, Tambo, Tambo." Mwingine ameandika, "Kesta ikipiga chafya anaita daktari, Tambo ikifa anasema imelala." Hilo la mwisho lilinichekesha, kisha likaninyima hamu ya chai.

Kithaka akaniambia, "Mama Makandi, mimi nakuheshimu sana, lakini hii maneno nitauliza mbele ya wazazi. Hiyo ni pesa yetu."

Mkutano wa wazazi ni tarehe 29 Machi. Nitasimama mbele ya watu wanaonijua tangu nikiwapimia maziwa. Kwa hiyo niambie mimi kwanza. Wamekulipa?

Mama yako

*

Dallas, Embu
12 Februari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi niko sawa, na kazi inaenda. Goti ulipeleke hospitali, usilizoee.

Swali lako limeniuma, acha niseme wazi. Hapana, Mama, hawajanilipa hata shilingi. Kampuni huniazima mashine kwa wiki mbili, natia sahihi, kisha narudisha. Mwaka juzi watu wa Tambo walitaka kunipeleka pwani siku nne, hoteli juu yao, nikakataa. Ulinilea wewe, ningekubali vipi?

Na sipimi kwa kubahatisha. Kila mashine nacheza video ileile mpaka betri iishe, na saa iko pembeni. Naweka kipimajoto chini ya tumbo lake. Nabeba kwenye mkoba siku tano nione kama bawaba zitalegea. Tambo ikishinda, inashinda. Nifanye nini kama ni nzuri?

Hao wanaopiga kelele chini ya makala ni watu walionunua Kesta na hawataki kuambiwa walikosea. Mwambie Kithaka aniulize mimi, asikusumbue wewe.

Binti yako,
Makandi

*

Nkubu,
17 Februari 2025

Mwanangu Makandi,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima. Barua yako nimeisoma mara tatu, na habari ya pesa nimekuamini mara ya kwanza. Hiyo tuifunge.

Lakini nilishuka sokoni, vijana wa saiba, wale wa intaneti, wakanichapishia makala zako kumi na moja, nikakaa nazo mezani na kalamu nyekundu. Wewe mtoto unaandika vizuri! Mimi sijui kompyuta, na nilielewa kila neno. Nilijiuliza huyu alitoka wapi.

Sasa sikiliza. Mwezi wa Agosti ulipima joto la Tambo, nyuzi arobaini na nne. Ukaandika, "Hupata joto kidogo ukiipa kazi nzito." Mwezi wa Septemba ukapima Kesta, nyuzi arobaini na tatu. Ukaandika, "Inachoma mapaja." Makandi, aliyechomwa ni nani? Tena kasoro za Tambo zote ziko mwisho wa makala, mahali ambapo mtu ameshachoka kusoma. Za Kesta ziko mstari wa kwanza. Sikuona hongo popote. Niliona mtu anayemsifu mtoto wake na kumsema wa jirani.

Pale kituo cha maziwa, karani aliyepokea mikebe aliiandikia namba kwa chaki. Mimi nilikaa ndani na laktomita yangu, nikipima kama yametiwa maji, naona namba na maziwa tu. Ndiyo maana nilimrudishia nyanya yako maziwa mara mbili bila kujua ni yake. Krismasi ile hatukualikwa, unakumbuka ulivyolia.

Sijui kama laptopu inaweza kupimwa hivyo. Wewe ndiye msomi.

Mama yako

*

Dallas, Embu
23 Machi 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe. Najua umekaa wiki tano ukingoja jibu, na kwenye simu nikawa nakuuliza habari za ng'ombe tu. Hujambo lakini? Mimi afya ninayo.

Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira na kalamu yako nyekundu. Ya pili nikazitoa makala zangu nikazisoma kama wewe, na hasira ikakosa pa kukaa. Nikaenda kwa Munyi, fundi wa kompyuta hapa mjini, nikamwomba awe karani wangu wa mikebe. Tulikuwa na laptopu nne. Munyi alizipima mwenyewe, kwa vifaa vyangu na kwa utaratibu wangu, akaniletea karatasi zenye namba moja hadi nne bila jina. Wakati wa kujaribu vibonye alinifunga macho kwa leso, nikachapa ukurasa mzima huku yeye akicheka mpaka wateja wakaingia kuona kuna nini. Nikaandika hukumu yangu yote, nikaituma kwa mhariri wangu, Gachoki. Ndipo, Jumatatu iliyopita, nikamwambia Munyi anisomee majina.

Namba tatu nilikuwa nimeisifu kuliko zote. Niliandika ndiyo ya kumpa mwanafunzi, haichoki na haina maringo. Ilikuwa Kesta. Namba moja nilisema betri yake inakata tamaa mapema kwa mashine ya bei ile. Mama, ilikuwa Tambo.

Nilikaa kwenye stuli ya Munyi nikiitazama ile namba moja. Halafu nikaelewa. Chama cha maziwa kilipofunga ofisi ya zamani, ulileta nyumbani kompyuta yao kuukuu umeifunga kwa shuka. Ilikuwa Tambo. Nilijifunzia kuchapa pale, mezani kwetu, wewe ukichambua maharagwe. Kila nikifungua Tambo nasikia niko nyumbani. Hakuna aliyeninunua. Ni mapenzi, nami nimekuwa nikiwauzia watu mapenzi yangu nikiyaita vipimo. Naona aibu.

Gachoki alinionya kwamba wasomaji watasema walikuwa sahihi muda wote. Nikamwambia waseme, maana walikuwa sahihi kuhusu upendeleo, walikosea sababu tu. Makala ilitoka Ijumaa. Mstari wa kwanza una jina langu na kosa langu, na makala zote za zamani za Tambo na Kesta nimezitia alama. Jana Tambo wameandika kwamba hawataniazima mashine tena. Na wengine wakiniacha, sijui kama kufikia Juni nitakuwa na kazi hii.

Tarehe 29 usinitetee. Waambie nilikosea. Nakutumia makala iliyochapishwa, Winrose ataileta.

Binti yako,
Makandi

*

Nkubu,
Jumapili, 30 Machi 2025

Mwanangu Makandi,

Nakusalimu kwa furaha nyingi. Hujambo? Sisi tumepata mvua tangu Jumatano, na mahindi tumepanda.

Jana wazazi walijaa ukumbi. Kithaka hakupata nafasi ya kuuliza, kwa sababu nilisimama kwanza, nikavaa miwani, nikasoma makala yako kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza Kithaka akasema, "Sasa huyu mimi naweza amini." Akapendekeza ziletwe mashine nne hapa shuleni, zipewe namba, wanafunzi wazitumie wiki nzima, na wewe uje usimamie. Wote waliinua mikono. Kwa hiyo Juni una kazi, hata kama ni ya kulipwa kwa ndizi.

Sasa nikwambie jambo ambalo hadi jana sikuwa nimemwambia mtu. Watu hapa husema kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kukosea kipimo. Si kweli. Maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe, laktomita huzama kana kwamba yametiwa maji. Unatakiwa ungoje yapoe, na mimi nilijua. Mwaka wa 1998 lori lilikuwa limewasha injini, nikaharakisha, nikarudisha mkebe. Kesho yake vilevile, na siku ya tatu. Siku ya nne nilingoja yapoe, yakawa maziwa safi kabisa. Nikamuuliza karani ni ya nani. Yalikuwa ya Nelius, ambaye boma lake liko karibu na kituo kuliko yote, kwa hiyo maziwa yake yalifika bado na joto. Nilipokea maziwa yake na sikusema kitu. Watu walikuwa wameshaanza kumwita Mama Maji. Mpaka leo wapo wanaomwita hivyo.

Jana kutoka mkutanoni nilipita kwake. Ana miaka themanini na mbili. Nilimwambia yote. Akasema, "Nilijua, Mama Makandi. Si ni mimi nilikamua? Nilikuwa nangoja tu uniambie."

Miaka ishirini na saba, mwanangu. Wewe wasomaji wako hukuwangojesha hata wiki moja baada ya kujua. Nilikufundisha kupima, lakini hili sikukufundisha mimi, na sijui nani alikufundisha.

Leo baada ya misa nilimwomba padri dakika mbili za kuongea na waumini. Sikujua pa kuanzia, nikaanza kama wewe, jina langu kwanza, halafu kosa. Nelius alikuwa amekaa benchi ya mbele. Nilipomaliza alisimama, akaja, akanishika mkono, tukatoka pamoja.

Mama yako,
Kiende