Namba ya Difu Niliyokuandikia

Shemeji Ramadhani,

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka kwa wema. Ningekuwa na pumzi za kutosha ningekuja Bombo, nikasimama juu ya kaburi lako na kukueleza haya kwa mdomo. Lakini siku hizi kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha barazani ni safari nzima. Daktari ameacha kunibadilishia dawa. Ananiuliza tu kama nalala vizuri. Najua maana yake.

Binti yako Mariam anaitengeneza pikapu. Ile ile ya Baba yangu, ambayo Baba alikupa wewe mkwe wake akaniacha mimi mwanawe kwa sababu, alisema mbele ya watu, mimi naijua kwa karatasi na wewe unaijua kwa mikono. Ulicheka siku ile. Baadaye kila gari lilipogoma pale Kyebando uliwaambia watu, "Muiteni karani aje alisomee kitabu, labda litasikia." Wakacheka nawe. Nilikuwa karani wa bohari ya spea miaka thelathini na moja. Hakuna skrubu ya pikapu ile ambayo sikujua namba yake, na wewe hukuwahi kuagiza hata beringi moja bila kuja kwanza mlangoni kwangu na kipande cha karatasi. Hilo hukuwaambia.

Lakini sikukuchukia kwa dhihaka. Nilikuchukia kwa ajili ya mke wangu Halima.

Unajua pikapu ile ilikuwa na kazi gani kwetu. Mtu wetu akifa, awe wa Kyebando au wa Bwaise, hakuna aliyekodi gari. Jeneza lilipandishwa nyuma, wanaume wakakaa pembeni wakilishika, nawe ukaendesha polepole mpaka makaburini Bombo. Uliwabeba hata watu uliogombana nao. Nakupa haki yako hapo. Halima alipofariki hospitali ya Mulago, alfajiri, nilikupigia simu wewe kabla ya kuwapigia watoto wake. Ulisema, "Nakuja, shemeji." Tukamwosha, tukamkafini, tukangoja. Adhuhuri ikapita. Watu wakasema tutafute gari jingine, nikakataa. Nikasema Ramadhani amesema anakuja. Ulifika baada ya alasiri, na nyuma ya pikapu kumejaa vumbi jekundu la matofali ambalo hukujisumbua hata kulifagia. Hukusema ulikuwa wapi. Ulisema, "Twende, jua linakwenda."

Jeneza la Halima lilikaa juu ya vumbi la matofali ya mtu mwingine. Niliketi kando yake njia nzima na sikusema neno. Sikulisema mwezi ule, wala mwezi uliofuata.

Kisha difu ikavunjika meno, ukaja na kipande chako cha karatasi. Ulitaka namba ya krauni na pinioni, yale magurudumu mawili ya meno yanayozungusha ekseli ya nyuma. Nilifungua katalogi ya kiwanda, ya Kifaransa, mbele ya macho yako. Kifaransa hukukijua, wala hukuona sababu ya kuangalia. Ulikuwa unakunywa chai yangu na kulalamika kwamba haina tangawizi. Ukurasa ule una safu mbili: magari yaliyotoka kiwandani kabla ya namba fulani ya chesisi, na yaliyotoka baada yake. Pinioni zake ni kama mapacha, ila moja shingo yake ni fupi kwa upana wa kidole, na huwezi kugundua mpaka uziweke juu ya meza pamoja. Pikapu ya Baba ni ya safu ya kwanza. Nilikuandikia namba ya safu ya pili, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, nikapiga mstari chini yake.

Sikukosea, Ramadhani. Nilifanya makusudi.

Spea ilipofika kutoka Mombasa haikuingia. Ulirudi kwangu umechanganyikiwa, nikakuambia wauzaji wa siku hizi wanabandika namba yoyote kwenye boksi. Ukaniomba niangalie tena kitabuni. Nikasema nilimwazima fundi mmoja wa Bwaise, na mafuriko yamekichukua. Kilikuwa chini ya kitanda changu. Ulikuwa umekaa juu ya kitanda hicho.

Basi pikapu ikasimama kando ya nyumba yako, kuku wakataga kwenye kiti chako. Ulipofariki tulikubeba kwa gari la kukodi, gari la kusambazia mikate, lenye mkate mkubwa uliochorwa ubavuni. Dada yangu, mkeo, alipouona ule mkate alilia kuliko alivyolia kwa kifo chenyewe. "Aliwabeba wote," alikuwa akisema, "aliwabeba wote." Mimi nilikaa mbele na dereva. Nilifurahi. Nakuambia kwa sababu sina tena muda wa kudanganya. Nilifurahi mpaka tulipopita Kawempe, kisha furaha ikaniishia, nikabaki na harufu ya mikate tu.

Tangu wakati huo Mariam anatafuta. Kule kwa wauza spea wa Katwe walimwambia, "Nyabo, hii gari iko na umri ya jajja yangu, babu kabisa. Wewe uza chuma, nunua pikipiki." Akaingia kwenye simu, kwenye vikundi vya watu wenye magari ya zamani. Mtu wa Nairobi akamtumia kurasa za katalogi alizopiga picha, nyingi zimekatwa nusu, na ukurasa wa difu haumo kabisa. Mwezi huu akampata mzee mmoja Lubumbashi mwenye seti mbili, moja ya kila aina. Moja itakwenda kwa Mariam, nyingine inasubiriwa na mtu wa Kigoma. Mzee alitaka kitu kimoja tu: namba.

Siku ya Jumanne Mariam alikuja na faili lako. Ndani, kwenye nailoni, kile kikaratasi changu.

"Mjomba, Baba aliniambia nikikwama nifuate hii. Niitume?"

Nikakitazama kikaratasi. Akadhani sijasikia, akaendelea kuongea kwa sauti kubwa zaidi. Akasema wauzaji watatu, siku tofauti, walikuambia wazi kwamba namba hiyo si ya gari lako. Mmoja ulimshika kola. "Namba ya shemeji yangu haikosei," ulimwambia. "Wewe umesoma wapi?"

Umenikasirisha hata hapo. Ulikuwa na miaka yote ile ya kuniheshimu nikiwa nimekaa mbele yako, ukaenda kuniheshimu mahali nisipokuwepo. Ningejua ningefanya nini? Sijui. Usidhani ningekuja mbio na katalogi.

Kisha Mariam akasema, bila kuniangalia, kwamba anataka pikapu iwake mapema ili inibebe mimi, kwa kuwa ilishindwa kumbeba baba yake.

Nikamwambia ainame avute boksi lililo chini ya kitanda. Nikamfungulia ukurasa. Nikamweleza safu zote mbili, nikamweleza na Halima, nikamweleza na ile chai. Ilichukua muda kwa sababu ya pumzi. Mwishowe akauliza, "Baba alijua?"

"Hakujua."

"Afadhali," akasema. Akanakili namba ya safu ya kwanza kwa mkono wake, akanisomea tarakimu moja moja kama mtu anayehakiki hesabu za mwizi, akaondoka na katalogi bila kuomba. Siku zote hunibusu mkono akiaga. Jumanne ile hakunibusu.

Jana alirudi kuniambia ameshaituma. Nikamshukuru, nikamwambia wosia wangu: gari likipona libebe kila mtu, ila lisinibebe mimi. Nimekosa haki hiyo. Akaniangalia vile ulivyokuwa ukiniangalia wewe, akasema, "Mjomba, maiti hachagui gari."

Ulimi wako umebaki duniani.

Kwa hiyo sikiliza. Kwa ile namba nimekukosea, na nimekiri. Kwa Halima wewe ndiye uliyenikosea, na hukukiri mpaka ukafa. Haya mawili hayafutani, na usije ukadhani nimeandika ili yafutane. Dada yangu bado hajui. Nakuahidi Ijumaa hii nitaomba aletwe hapa, na nitamwambia mwenyewe, kwa sauti yangu, ni kwa nini ulikwenda Bombo ndani ya gari la mikate. Akitaka kunilaani, nitakaa nisikilize.

Kwaheri, Ramadhani. Wakinipandisha kwenye pikapu hiyo kwa nguvu, nitalala kimya kama wote uliowabeba. Lakini sitakushukuru.

Shemeji yako,
karani