Mkaguzi Hajambo

Jumapili, 3 Novemba 2024

Samaki wa Vero amelala ubavu. Nimetoka misa ya kwanza, sijavua hata koti, nikamkuta hivyo — tumbo limejaa, mkia juu, kichwa chini, kama mtu aliyeangusha kitu uvunguni. Nikagonga kioo. Jicho likanitazama. Mwili haukujishughulisha.

Miaka thelathini na moja nimekuwa bwana mifugo. Nimevuta ndama waliokaa vibaya tumboni, nimetoboa ubavu wa ng'ombe aliyejaa gesi huku mwenye ng'ombe akilia pembeni. Samaki sijawahi kutibu hata mmoja. Huyu ana urefu wa kidole changu cha kati, rangi ya chungwa, na alikuja hapa Nyakakika kwa basi kutoka Mwanza, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Zawadi ya binti yetu Ainebyona kwa mama yake. Vero akampa jina Mkaguzi, kwa sababu hafumbi macho na kila anayeingia sebuleni anamtazama kana kwamba anadai ripoti.

Vero yuko Mwanza kwa Ainebyona, wiki ya saba sasa. Anatibiwa ini. Jioni kapiga simu, sauti ndogo. Swali la pili baada ya salamu: Mkaguzi hajambo? Nikasema hajambo. Ni uongo, ndiyo. Nitaufanya uwe kweli kabla hajarudi.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimefanya upuuzi.

Ng'ombe akivimbiwa tunamnywesha mafuta ya kula. Basi mkono ukatangulia akili — nikamimina kijiko cha mafuta ya alizeti kwenye tangi. Yakatanda juu ya maji. Mkaguzi akaanza kupanua mdomo hapati hewa. Asubuhi nzima imeishia hapo: kumhamishia kwenye sufuria, kusugua kioo kwa maji ya moto, kujaza maji ya mvua yaliyolala. Miaka thelathini na moja ya serikali, halafu hivi.

Rwegasira, mdogo wangu wa shamba la jirani, akanikuta natambaa sakafuni na ndoo. Kaka, anasema, huyo si wa kutibiwa, ni wa kukaangwa, tena mafuta yatakuwa mengi kuliko nyama. Nikamwambia atoke. Hakutoka. Akakaa, akala ndizi zangu.

Acheke. Nimechekwa na watu wenye ng'ombe mia, sembuse yeye.

Jumanne, 5 Novemba

Nimempigia Kashaija, bwana samaki, kijana niliyefanya naye kazi Rubwera kabla sijastaafu. Shikamoo mzee, ndiyo mzee, halafu kicheko mpaka nikaweka simu mezani nimalize chai. Aliporudi kwenye akili zake akauliza swali moja tu: anakula nini?

Hapo nikaanza kuhesabu wageni.

Tangu Vero aondoke, nyumba haikosi mgeni wa kumuulizia. Akina mama wa jumuiya wanaleta ndizi na maharage, tunakula pamoja sebuleni. Na hapa kwetu mtu hali huku mwenzake anamtazama. Sasa Mkaguzi yupo pale juu ya kabati, macho wazi. Mtu anaona haya. Anammegea. Huyu ndizi, huyu ugali, huyu kipande cha chapati. Wiki iliyopita nilitoa bawa la senene kwenye yale maji na sikujiuliza limefikaje. Mimi mwenyewe kila jioni namtupia tonge, maana kula peke yangu siwezi.

Kumbe tumemvimbisha kwa adabu zetu.

Dawa ya Kashaija: siku tatu bila chakula chochote. Chumvi ya haluli, ile ya kulainisha tumbo, kidogo sana majini. Siku ya nne njegere moja, ichemshwe bila chumvi, imenywe ganda, apewe kipande kama punje ya mtama. Nikamuuliza kama ananitania. Hapana mzee, anasema, tumbo lake limefunga, njegere itasukuma.

Jumatano, 6 Novemba

Siku ya kwanza ya kufunga. Nimebandika karatasi kwenye kioo: MGONJWA. ASILISHWE.

Akina mama wa jumuiya wamekuja na sufuria yao. Dafroza, mwenyekiti wao, akaisoma karatasi mara mbili. Akakaa. Akaniambia taratibu: Ta Nolasco, waitu, ndugu yetu, mgonjwa ananyimwaje chakula? Hapa tunamnyima chakula mtu tuliyekwisha mkatia tamaa.

Nilimjibu vibaya. Nilisema nyumba hii haijamkatia tamaa mtu yeyote, na anayetaka kulisha akalishe kwake. Waliondoka mapema, sufuria wakaiacha. Siombi radhi.

Jioni Ainebyona akapiga yeye, mama amelala. Mama hajambo, anasema. Anakula? Nikauliza. Anakula kidogo.

Hiyo "kidogo" naijua. Ni ile ya mwenye ng'ombe ambaye ng'ombe wake hajagusa jani siku tatu, na yeye anaogopa kulitamka mbele ya bwana mifugo. Na hiyo "hajambo" naijua pia, ndiyo ninayoituma mimi Mwanza kila jioni.

Alhamisi, 7 Novemba

Ainebyona kapiga tena, alfajiri. Madaktari wamesema dawa zimefika mwisho wake. Mama anataka kurudi nyumbani. Wanakuja Jumamosi kwa gari la kukodi. Halafu akasema: Baba, ujiandae.

Nijiandae nini? Nimekwisha fagia, nikamwambia. Mashuka yamefuliwa. Akaanza kulia na mimi nikakata simu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mwanangu.

Sijiandai. Naandika hapa kwa mkono wangu: sijiandai. Miaka thelathini na tisa na yule mwanamke, na hata siku moja hajafanya kitu kwa sababu mtu mwenye karatasi kasema. Aliambiwa kahawa haitaota kwenye kilima kile. Twende nikuonyeshe inavyozaa.

Mkaguzi yuko vilevile. Siku ya pili. Nimemgeuza kwa kidole, akarudi ubavu.

Najua samaki si Vero. Sijachanganyikiwa, wala sihitaji mtu aje kunieleza. Akifa atakuwa samaki aliyekufa. Lakini hafi wiki hii. Hafi Vero akiwa barabarani.

Ijumaa, 8 Novemba

Makombo! Chini ya tangi, meupe, ya leo. Ndizi.

Nikajifanya naenda shambani, nikazunguka migomba, nikarudi kwa mlango wa nyuma. Nani nimemkuta kasimama kwenye kabati, sahani mkono mmoja, vidole vya mkono wa pili majini? Rwegasira. Yeye wa kikaango.

Nilifoka mpaka kuku wakakimbia. Akafuta vidole kwenye suruali. Mwishowe akasema, Kaka, alikuwa ananitazama. Akasema shemeji amempikia tangu akiwa kijana asiye na mke, hajawahi kuingia humu akatoka na njaa. Sasa akae hapa akishiba, na kitu cha shemeji kinamtazama na njaa? Hawezi. Machozi yalikuwa yamemjaa, mtu mzima wa miaka hamsini na nane.

Nimechukua kitenge cha Vero, kile cha bluu, nimefunika tangi lote. Asiyeonekana hatamtia mtu haya.

Hesabu imeharibika. Sina siku tatu nyingine. Kesho, njegere.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimechemsha kikombe kizima cha njegere kwa ajili ya punje moja. Asubuhi nimempa kwa ncha ya kijiti. Kachukua, katema. Kachukua, katema. Saa tano bado.

Saa saba gari limepiga honi kwenye migomba. Nilikuwa nimejiambia nitakavyosimama. Sikusimama hivyo. Vero ameshuka, gauni linamning'inia, mkono mmoja kwa Ainebyona na mwingine kwa Rwegasira. Akanisalimia, akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akainua kitenge.

Hajambo, ee, Baba Aine?

Nikakiri yote. Mafuta, karatasi, kumfokea Dafroza, siku mbili na nusu za njaa. Akacheka. Alicheka huku amejishika mbavu kwa maumivu, na hakutaka kuacha. Tangu Septemba sijasikia kicheko hicho.

Ainebyona kanivuta pembeni. Mama hajala tangu juzi. Njia nzima wamembembeleza: uji, mchuzi, mkate, wamesimama kila mji. Vero akasikia. Akasema bila kugeuka kwamba kila mtu ana kijiko mkononi, kila mtu anamtazama mdomo. Anajisikia kama yupo kwenye mtihani.

Akaomba kiti mbele ya tangi. Akaweka punje ya njegere kwenye ncha ya kidole, akakizamisha. Mkaguzi akaja kwa ubavu wake hivyohivyo, akachukua. Hakutema. Tumesubiri, hakutema. Bado kalala ubavu, tumbo bado limejaa, sisemi zaidi ya nilichokiona.

Kisha akauliza: Hizo njegere zimebaki?

Zimebaki, nikasema. Kikombe kizima.

Nipe kidogo. Uzimenye maganda. Na msinitazame.

Nimemenya moja moja kwa ukucha. Nimeweka sahani na kijiko mapajani mwake. Rwegasira kageuza kiti chake, kaangalia mlango. Ainebyona kaenda kusimama dirishani. Mimi nimekaa kwenye kigoda, uso ukutani, daftari gotini, naandika ili macho yawe na kazi. Anayemtazama humu ndani ni mmoja tu, na yule hawezi kufumba.

Gari la kukodi linageuza huko nje.

Kijiko kimegusa sahani. Mara moja.

Sigeuki.